Yaliyovunjika

Kila Novemba, theluji ya kwanza ikigusa vigae vya Gabrovo,
naketi jikoni na penseli tatu na kifutio kimoja
kutunga maswali ya watoto wa darasa la pili.
Sheria ni chache. Jibu liwe moja.
Namba zisivuke mia.
Asiwepo mtu anayekufa, anayelewa, wala anayedaiwa
(hili kamati ililiongeza baada ya swali langu la mwaka wa mafuriko).

Basi watu wangu wanaishi kwa amani ya ajabu:
hununua matikiti thelathini na hakuna anayewauliza ya nini,
hupanda treni mbili zinazokuja kukutana
na hawapungiani mkono.
Marehemu mume wangu, Ognyan, humo bado ana miaka minane.
Anawagawia njugu rafiki zake watatu
na daima inabaki moja.

Mwaka jana nilitunga hili, kwa vina, lisitishe mtu:

    Zlatina ana mayai
    dazeni moja kamili;
    nusu yake Nikolai,
    kisha avunja mawili.
    Yamesalia mangapi?

Manne. Ufunguo wa majibu ulisema manne,
na watoto mia na arobaini wakasema manne,
au matano, au wakachora kuku.
Ilikuwa Jumamosi ya Machi, ukumbi wa mazoezi,
harufu ya mipira na viatu vilivyolowa,
kila kifundo cha mkono na uzi wake mwekundu na mweupe
wa kuiaga baridi.
Nje, kwenye korido, baba zao walipiga hesabu ile ile
nyuma ya risiti za dukani,
wakakosa kimyakimya.

Yasen, mstari wa tatu,
ambaye mama yake hufuma soksi kiwandani zamu ya usiku,
aliandika: Sita.
Na chini yake, herufi zikipanda kilima:
Yaliyovunjika hukaangwa.

Watu wazima watano tulibishana dakika arobaini.
Mhandisi Tsankov, mwenye rula mfukoni hata kanisani,
alisema hesabu ni hesabu, jikoni ni jikoni.
Bi Penka akajibu: sisi ndio mji ambao watani wetu husema
tuliwakata paka mikia
ili mlango ufungwe upesi, joto lisitoroke.
Mtoto wa mji huo ndiye atupe mayai mawili?
Tukacheka. Kisha tukapiga kura. Watatu kwa wawili.
Sifuri.
Niliiandika mimi, kwa kalamu nyekundu,
mviringo safi, umechongoka kidogo juu,
kama yai.

Jioni ile nilivunja mawili kwenye kikaango.
Sikuwa na njaa. Nilitaka tu kuhesabu.

Mwaka huu nimelirekebisha. Nimeziba nyufa zote.
Mayai mawili yalianguka sakafuni. Sakafu ilikuwa chafu.
Paka akayalamba yote, maganda yakatupwa.
Vina vimekufa, swali limerefuka kama hati ya wakili,
lakini jibu ni moja na Tsankov ametia sahihi.
Nimelihamishia darasa la tatu.
Sababu naijua, sijidanganyi.

Na leo ni Jumamosi tena.
Penseli zinakwaruza ukumbi mzima kama kuku wanaopekua.
Dakika ya kumi na mbili mkono unanyoshwa,
uzi umelegea hadi kiwikoni.
Nainama. Ananong'ona, macho hayatoki kwenye karatasi:

"Mwalimu, huyu paka ni wa Zlatina?
Maana kama ni wake,
mayai hayajatoka nyumbani."

Nyuma yangu Tsankov anakohoa.
Zimebaki dakika thelathini na tatu.